Bonge la Chumvi Upande wa Kulia

Wiki iliyopita mtu mmoja nisiyemfahamu aliandika kwenye kundi letu la simu, lile la watu wachache tunaotengeneza boti ndogo za rimoti. Swali lake lilikuwa la kawaida tu: boti yake ya kwanza aiwekee usukani, au aiendeshe kwa mota mbili?

Nilianza kumjibu alasiri. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena kwa urefu, nikaeleza habari za rafadha, vile vipanga vinavyozunguka nyuma ya boti na kuisukuma, nikafuta. Mimi ndivyo nilivyo. Hata ujumbe wa mistari mitatu naupiga msasa mpaka unatoboka. Jua likazama sijatuma neno.

Ukweli ni kwamba jibu la swali lile linaanzia kwenye mguu wa bibi yangu, na huwezi kumwandikia mtu usiyemjua habari za mguu wa bibi yako. Kwa hiyo nakueleza wewe, maana naona umekaa na una nafasi.

Kaskazini ya mji wa Bagamoyo, ukishaiacha mikoko nyuma, ardhi hulala chali na kuwa nyeupe. Hayo ndiyo majaruba ya chumvi: vidimbwi vya mraba, kingo za udongo katikati, kila kimoja na rangi yake. Kimoja kijani, kingine rangi ya chai ya maziwa, na vya mwisho vina wekundu mwepesi kama khanga iliyofuliwa mara nyingi. Siku za bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, maji yake huingia kwa mfereji mkuu, kisha jua na upepo huyapika polepole, jaruba hadi jaruba, mpaka yanaganda. Mchana watu kule huonekana wakitembea bila miguu, kwa jinsi mvuke unavyocheza juu ya ardhi. Sauti ni moja tu, kwaa, kwaa, kwaa, ya wavunaji wakikwangua chumvi kwa mbao zao za mipini mirefu. Mpaka leo mtu akiparua ukoko wa wali sufuriani, mimi narudi kule.

Nilikuwa darasa la sita. Mama alikuwa mwalimu kule Miono, bara, na mwaka ule alinileta kwa bibi, mama yake, ili nisome mjini. Nilikuwa mtoto asiyesema. Nilipanga viatu vyangu mlangoni kwa mstari, na kisigino kikipotoka usingizi haukuja. Bibi aliona yote hayo na hakuniuliza lolote. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu zao wa kike, akanipa kinu nimtwangie tangawizi.

Bibi aliuza chai na vitumbua kwenye banda la makuti pembeni ya mfereji mkuu. Wanywaji wake, wale wavunaji, walikuwa ng'ambo. Nyapara wao alikuwa na sheria moja: aliyeanza kukwangua jaruba haondoki mpaka alimalize. Zamani palikuwa na daraja la magogo, bamvua moja likalichukua, na njia ya kuzunguka kwa kingo ilikuwa mwendo wa saa nzima. Basi bibi alivuka kwa miguu. Alifunga khanga juu ya magoti, akaweka sinia la vitumbua kichwani, birika kubwa mkononi, akaingia kwenye maji yaliyomfika mapajani. Mimi alinikataza kabisa kukanyaga mle. Tope la mfereji ule hunasa, alisema, na mimi nilikuwa mwepesi kama kijiti.

"Bibi Mkwere!" Mzigua mmoja mrefu aliyekuwa akivuna jaruba la karibu na mfereji alikuwa akimpigia kelele kila asubuhi. "Leo chai umeitia sukari, au umechota humo humo unamopita?"

"Mzigua wewe ungeijua wapi chai? Kunywa unyamaze, watani wangu wafupi wanasubiri."

Utani huo ulikuwa wa kila siku, na bila huo nadhani chai isingeshuka.

Likizo ya katikati ya mwaka ilipofika, kidonda kilikuwa kimeshatokea. Kilianza kama mkwaruzo kwenye kidole cha mguu wa kushoto. Bibi alikuwa na kisukari, na maji ya chumvi yakakila kidonda kikawa kama mdomo usiofumba. Nilimsindikiza zahanati. Muuguzi alikisafisha, akafunga bandeji, kisha akasema akimtazama usoni, "Bibi, maji yale basi. Ukiendelea kuvuka, mguu huu utatupeleka kwenye kisu."

"Na wale wanywe nini, mwanangu? Upepo?"

Njiani nikamwambia nitamtengenezea chombo cha kuvusha chai. Chombo cha rimoti, kitakachokwenda chenyewe. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia. Akanitazama kama anayeonja mchuzi.

"Lini?"

"Kikikamilika."

"Haya, mke mwenzangu. Kikamilishe upesi. Mpaka hapo nitavuka mwenyewe, nitavaa rambo."

Na kweli alivaa. Kila asubuhi alitia mguu kwenye mfuko wa plastiki, akaukaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, akaingia majini. Kila asubuhi mfuko ulivuja.

Nilikata dumu la mafuta ya kula kwa ubavu, likawa ganda la boti. Mota ya kwanza nilipewa na fundi redio wa karibu na soko, kutoka kwenye redio kaseti iliyokufa, pamoja na matumbo ya gari la kuchezea na rimoti yake. Nilimwuliza jinsi ya kuvifunga. "Mimi natengeneza vinavyolia," alisema. "Vinavyoelea sijui." Kwa hiyo nilijifunza peke yangu, kwa kukosea. Rafadha niliikata kwenye kopo la samaki. Ekseli ilipita ndani ya mrija wa kalamu niliousiliba mafuta ya mgando ili maji yasipande. Nyuma nikaweka usukani wa bati.

Usukani ule ulinitoa machozi. Sikujua wakati ule kwamba usukani hufanya kazi pale tu maji yanapoupita kwa kasi. Boti ikienda polepole, unageuza bati na boti haina habari, kama mzee aliyezima masikio. Na boti yangu ilikuwa ya polepole. Halafu utando wa kijani wa mle mferejini ulijizungusha kwenye rafadha mpaka mota ikanguruma na kunyamaza.

Nikang'oa kila kitu. Nikaunda magurudumu mawili ya makasia kwa vipande vya kandambili, moja kila ubavu, na sikumbuki kitu kilichonipendeza macho kama kile. Kilikwenda chapu, chapu, chapu, kama bata mwenye safari. Tulipokijaribu na kikombe kimoja cha chai, makasia yakarusha maji yakaingia kikombeni. Bibi akanywa, akafumba macho.

"Hii mpelekee Mzigua," akasema.

Nikajaribu pia feni ndogo ya mezani iliyosimama juu ya boti, isukume hewa badala ya maji, isiguse utando. Upepo wa kusi, ule ule unaokausha chumvi, uliipiga ubavuni ukairudisha kwangu kama barua iliyokosewa anwani.

Ilikuwa siku ya nne au ya tano. Mzigua alikuwa amemaliza jaruba lake mapema, akaja kusimama ng'ambo, mikono kiunoni, miguu myeupe kwa chumvi mpaka magotini.

"Mjukuu," akaita, "kwa nini usifunge kamba tu? Wewe ushike huku, mimi huku. Ukivuta inakuja, nikivuta inakuja."

Nataka nikueleze nilivyojisikia, maana hapa ndipo penye kosa langu, na kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Nilijisikia kutukanwa. Kamba! Watoto wa chekechea huvuta makopo kwa kamba. Nilijibu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Hicho si chombo. Hiyo ni ndoo ya kisimani."

Wavunaji wakacheka. Bibi, aliyekuwa akigeuza vitumbua, hakuinua kichwa. "Mwacheni mke mwenzangu," alisema. "Anajua anachofanya."

Sikuwa najua. Na kila siku niliyosema "bado", bibi alivaa rambo.

Siku ya nane fundi redio akanipa hazina: katapila la kuchezea, limevunjika minyororo, lakini rimoti yake ilikuwa na vifimbo viwili. Kifimbo cha kushoto kwa mota ya kushoto, cha kulia kwa mota ya kulia. Ukisukuma vyote viwili, mbele. Ukisukuma cha kulia peke yake, chombo kinageukia kushoto. Ukisukuma kimoja mbele na kingine nyuma, kinazunguka pale pale kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Hakuna usukani, hakuna bati, rafadha mbili tu. Usiku ule niliota mikono yangu imekuwa vifimbo.

Lakini mota moja ya katapila ilikuwa imeshakula kutu, ikafa. Upande wa kushoto nikaweka nyingine, ya mashine ya kuchezea sidii, na hiyo haikuwa na nguvu sawa na mwenzake. Chombo kikawa kinavuta kushoto. Si sana. Mtu mwingine angesema kinakwenda, akaachia kifimbo cha kulia mara moja moja, akafika. Mimi niliuona ule mkunjo mdogo wa mkondo wake majini. Nilitaka mstari ulionyooka.

Nikapata dawa. Kule majarubani hakuna mawe. Mtu akitaka kitu kizito anachukua bonge la chumvi, lile gumu linaloganda kwenye kingo. Nilifunga bonge moja kwa uzi, nikalining'iniza upande wa kulia liburuze majini, ili lizuie upande wenye nguvu. Niliichonga chumvi ile kwa msumari, punje kwa punje, jioni nzima. Nilijaribia kwenye jaruba la mwisho la upande wetu, lililokuwa karibu kuvunwa, kwa sababu maji yake yalitulia kama kioo. Chombo kikaenda. Kikaenda, kikaenda, mstari kama wa rula, mbingu nzima ikiwa chini yake. Nilijaribu mara kumi na mbili. Bonge halikupungua hata kidogo.

Huenda wewe umeshaona. Maji ya jaruba la mwisho yameshashiba chumvi, hayawezi kula zaidi. Bonge mle ni sawa na jiwe. Mtoto yeyote wa wavunaji alilijua hilo. Nami nilikuwa nikiikanyaga chumvi kila siku na sikulifikiria.

Asubuhi ya uzinduzi bibi alivaa khanga mpya. Hakuvaa rambo. Alikaa kwenye kigoda chake, mguu wenye bandeji ameunyoosha juu ya ndoo iliyofunikwa, kama malkia, akawasha ubani kidogo kwenye kigae na kuupitisha juu ya dumu la mafuta, akinong'ona dua kama wanavyofanya watu wanaoshusha jahazi zima. Birika likafungwa katikati, na vikombe saba. Ng'ambo wavunaji walisimama wameegemea mipini ya mbao zao. Hata nyapara alikuja, akajifanya anakagua mlango wa maji, ule wa mbao unaofungulia maji majarubani.

Ningekiachia pale pale kingefika. Lakini nilikishika ukingoni nikakagua nyaya. Nikakagua betri. Nikafuta tone la chai. Nikakagua nyaya tena. Muda wote huo kilikuwa kinaelea juu ya maji ya bahari, maji yenye njaa, nayo yalikuwa yanakula bonge langu.

"Mke mwenzangu," bibi akasema taratibu, "chai inapoa."

Nikasukuma vifimbo. Kikaondoka kimenyooka. Watu wakapiga vigelegele. Kilifika katikati ya mfereji, na hapo uzi ukalegea, kilichobaki cha bonge kikachomoka, nikakiona chombo kikitikisa bega na kugeukia kushoto, moja kwa moja kuelekea mlango wa maji, uliokuwa wazi asubuhi ile, na mkondo ukivuta kuelekea kwenye mbao zake.

Nilikuwa na la kufanya. Kuachia kifimbo cha kulia, basi. Kitu nilichokifanya mara mia. Lakini nilikuwa nauangalia ule mstari uliopotoka, na vidole vyangu viliganda vikiwa vimekandamiza vyote viwili.

Sikumwona bibi akiinuka. Nilisikia maji. Nilipogeuka alikuwa ameshafika mapajani, khanga mpya ikielea nyuma yake, bandeji ndani ya tope, amenyoosha mikono yote miwili na anaita chombo changu kama mtu anavyoita kuku: "Njoo, njoo, njoo." Alikikamata hatua tatu kabla ya mlango. Kisha mguu wake ukanasa, akayumba.

Mzigua alitupa mbao yake. Aliacha jaruba nusu, mbele ya nyapara, akaruka mferejini na kumshika bibi kwapani, na bibi hakuliachia lile dumu. Alitolewa majini akiwa amelikumbatia, chai ikimwagika kifuani pake.

"Mkwere mbishi wewe," Mzigua alisema, bado amemshika kwapani. "Umetaka kuzamisha chai yangu."

Walimkata vidole viwili. Muuguzi alisema tulibahatika, kwamba ungeweza kuwa mguu. Nilikaa hospitali nikivitazama viatu vya wagonjwa chini ya vitanda, vimepotoka ovyo, na sikuvinyoosha.

Siku niliporudi bandani kuchukua vyombo, nyapara alikuwa amesimama ukingoni. Alikuwa mtu wa kufoka, nikajua nitafokewa. Alikuwa na kamba ya nailoni begani, ya buluu, mpya kutoka stoo. Alinirushia, akaenda zake.

Kiangazi kile chote chai ilivuka kwa kamba. Niling'oa mota, nikang'oa betri, dumu likawa jepesi likabeba hadi vitumbua. Bibi alirudi baada ya majuma mengi, akakaa kwenye kigoda na mguu wake mfupi, ncha ya kamba mkononi. Upande wa pili alikuwa Mzigua. Ukivuta inakuja. Sehemu ya kamba iliyolala majini ilikauka ikawa nyeupe, na jua likiipiga ilimetameta kama shanga.

Siku moja nilipata ujasiri. Nikamwambia bibi kwamba Mzigua alisema kamba tangu mwanzo.

"Nilimsikia," akasema.

"Sasa kwa nini hukuniambia nifunge?"

Alivuta kamba kidogo, akaangalia kama dumu limeondoka. "Kamba ningeipata siku yoyote. Wewe tangu uje kwangu ulikuwa husemi. Ulipoanza hicho chombo ukawa unasema mchana kutwa, unasema mpaka usingizini. Nikajisemea, acha nivuke siku mbili tatu." Kisha akacheka. "Sikujua utakagua nyaya mara saba."

Nilikwenda kule mwezi uliopita. Mfereji umejaa udongo, mikoko michanga imeota pale pale bibi alipokuwa akivukia. Majaruba ya mwisho yamepasuka, hayana rangi. Banda halipo, hata shimo la nguzo sikuliona. Bibi alifariki akiwa mzee sana, kwa uzee, si kwa mguu, na Mzigua alikuja msibani akalitania jeneza mpaka watu wakacheka wakilia, kama watani wanavyotakiwa. Nilisimama kusikiliza ile kwaa, kwaa. Palikuwa na upepo tu.

Siku hizi natengeneza boti zinazokwenda moja kwa moja. Nina mota zinazolingana, nina vifaa vya kupima kasi yake, na chumbani kwangu kuna boti tatu zilizokamilika miaka miwili iliyopita ambazo sijazitia majini, kwa sababu kila nikizitazama naona kitu. Nadhani unanielewa.

Jana jioni nilichukua simu, nikamtafuta yule mtu na swali lake. Nikaandika: Weka mota mbili. Usukani utakusumbua kwenye mwendo mdogo. Lakini siku ya kwanza funga kamba, na ncha ya pili mpe mtu.

Nikatuma bila kuusoma tena.